Mihogo, Ming'oko na Korosho: Historia ya Vitafunio vya Bei Nafuu vya Bonde la Lukuledi



Bi harusi anapokuja kupima shela, mazungumzo hayaishii kwenye kitambaa. Yanaanza na lesi, yanapita kwenye mahari, na mwisho yanafika kwenye sahani: wageni watakula nini, na kwa pesa gani? Siku hizi wengi hutuonyesha simu zao. Wamehifadhi video za vitafunio vya barabarani vya Ufilipino: ndizi zilizofungwa kwenye manda nyembamba na kukaangwa na sukari, karanga zilizokaangwa na kitunguu thaumu, keki za mihogo. Wanavipenda kwa sababu ni vya pesa ndogo na vinapendeza machoni.

Sisi tuliozaliwa bonde la Lukuledi tukiziangalia video hizo tunaona vitu tunavyovijua. Ndizi, karanga, mihogo. Ndivyo vinavyouzwa stendi ya Masasi na soko la Newala, na wanaoviuza ni mama zetu, shangazi zetu na dada zetu. Kwa hiyo leo tumeona tuandike historia ya vitafunio vya kwetu. Ndani yake kuna somo kwa mwanamke anayekwenda kuanza nyumba: pesa kubwa ya kusini ilikuja na kuondoka mara nyingi, lakini pesa ndogo ya sinia la kichwani ndiyo iliyobaki mkononi mwa mama.

Bonde lenyewe

Kwa asiyefika, mto Lukuledi unatokea upande wa Masasi na kuteremka mashariki mpaka Bahari ya Hindi pale Lindi. Kusini yake ipo nyanda ya juu ya Makonde, na Newala imekaa ukingoni mwa nyanda hiyo. Ukisimama Newala unaliona bonde la Ruvuma liko chini kabisa. Masasi ipo chini, katikati ya vilima vya mawe. Wenyeji ni Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, Waislamu kwa Wakristo.

Juu ya nyanda udongo ni wa kichanga. Mvua ikinyesha maji yanazama, mito haipo. Kwa vizazi vingi wanawake wa Newala waliteremka mabonde kuteka maji na kupanda nayo kichwani. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini chakula cha huko ni kile kinachovumilia jua, na kwa nini mama wa huko hapotezi kitu jikoni.

Kabla ya meli

Vitafunio vya zamani zaidi vya kwetu havikuletwa na mtu. Ming'oko ni mizizi myembamba ya mmea wa porini, ndugu wa kiazi kikuu. Hupatikana Lindi na Mtwara, na wageni wanaopita stendi za kusini huikuta imepangwa mafungu mafungu kwenye sinia. Huoshwa, huchemshwa kwa chumvi, kisha hutafunwa hivyo hivyo, ukipenda na pilipili ya unga. Haihitaji mafuta wala sukari. Inahitaji jembe, miguu ya kwenda porini, na subira ya kuchimba bila kuikata.

Ya pili ni njugu mawe. Nazo ni za Afrika hii hii, zilikuwapo kabla ya karanga kufika. Huchemshwa na maganda yake na chumvi, zikauzwa kwa kipimo cha kikombe. Huku visiwani tunazipika kwa nazi, kule hutafunwa kavu huku watu wakizungumza. Katika mwaka wa njaa, hivi viwili viliingia kwenye chungu kuwa mlo kamili. Tofauti ya kitafunio na mlo kwa mama wa kusini ilikuwa ni mvua tu.

Njia ya misafara

Karne ya 19 bonde la Lukuledi lilikuwa njia ya misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa kwenda Lindi. Ilipita pembe za ndovu, na kwa masikitiko walipita pia watu waliofungwa, wengi wao wakiishia soko la Unguja. Dini yetu nayo ilienea bara kwa kupitia njia hizo hizo za biashara.

Msafara lazima ule. Mpagazi alipewa posho ya kitambaa au shanga, naye akaibadilisha na chakula vijijini. Biashara ya chakula cha njiani ilianza hapo: kijiji kilichokuwa karibu na njia kiliuza unga, mihogo, ndizi na kuku, na waliolima na kupika walikuwa wanawake.

Jambo ambalo wasomaji wetu wa visiwani wengi hawalijui ni kwamba Masasi na Unguja wana undugu wa karibu. Mwaka 1873 mkataba ulifunga soko la watumwa la Unguja. Miaka mitatu baadaye, 1876, askofu Mwingereza Edward Steere aliondoka Unguja na watu zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani, wanaume na wanawake. Walipitia Lindi, nia yao ikiwa kurudi kwao upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wakaona ardhi inafaa, wakabaki. Kwa hiyo wapo watu wa Masasi ambao wazee wao walikula chakula cha Unguja kabla ya kulima udongo wa Masasi.

Vitu vilivyokuja na bahari

Sasa turudi kwenye zile video za Ufilipino. Dada zetu waliofanya kazi Muscat wanawafahamu vizuri wanawake wa Kifilipino, maana wengi walikutana nao katika kazi za majumbani na saluni. Ukimwambia Mfilipino kwamba na kwetu mihogo ni kitafunio, atakuambia kwao huitwa kamoteng kahoy, yaani kiazi cha mti. Karanga wanaziita mani, na korosho wanaiita kasoy.

Sababu ya kufanana huku ni moja. Mihogo, karanga na korosho asili yake ni Amerika ya Kusini. Meli za Wahispania zilizokwenda na kurudi baina ya Mexico na Manila, kuanzia 1565 mpaka 1815, zilipeleka mimea ya Amerika Ufilipino. Huku kwetu kazi kama hiyo waliifanya Wareno, waliotoka Brazil wakapita Msumbiji na pwani yetu. Wale walioita mkorosho kwa jina la mkanju, kama wengi wa visiwani wanavyofanya, wanatamka neno la Kireno caju, ambalo Wareno walilichukua kwa wenyeji wa Brazil. Mama wa Manila na mama wa Newala hawajawahi kuonana, lakini wote wanaishi kwa miti na mizizi iliyosafirishwa katika zama zile zile.

Mihogo ilipofika kwenye ardhi kavu ya Makonde ilikuta nyumbani. Haihitaji mbolea nyingi, na unaweza kuiacha ardhini mpaka siku ya shida. Ile michungu hulowekwa au kuanikwa ikawa makopa, ikasagwa unga wa ugali. Ile mitamu ikawa kitafunio: huchomwa kwenye mkaa, huchemshwa, au hukaangwa.

Pwani nayo ilileta vyake. Sambusa jina lake lina asili ya Uajemi. Bagia na kachori ni za Wahindi. Vitumbua na mandazi vilipanda kutoka Lindi pamoja na chai na sukari ya madukani. Ndiyo maana sinia la Masasi leo lina safari ndefu ndani yake: ming'oko ya porini, mihogo ya Brazil, bagia ya India, na yote ni ya pesa ya sarafu.

Karanga za mamilioni

Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, ili Uingereza ipate mafuta baada ya vita. Sehemu moja ya mpango huo ilikuwa Nachingwea, jirani na Masasi. Zililetwa trekta, likajengwa bandari jipya la Mtwara, ikalazwa na reli ya kwenda Nachingwea. Ardhi ilishinda mashine na mvua haikufuata hesabu za London. Mwaka 1951 mpango ulifungwa baada ya kula zaidi ya pauni milioni 30. Reli yenyewe iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Wakati mamilioni yale yanapotea, mkulima mdogo wa Masasi alipanda karanga zake baina ya mihogo, kwa jembe la mkono. Karanga za kukaanga kwa mchanga au chumvi hazikukosekana sokoni. Hatusemi kwamba kidogo ni bora kuliko kikubwa kila mara. Tunasema aliyeijua ardhi yake alivuna, na aliyekuja na haraka akaondoka.

Korosho, na pesa iliyobadili nyumba

Hapa ndipo penye uzito wa historia yetu. Mkorosho ulikuwapo pwani tangu enzi za Wareno, lakini upandaji mkubwa katika nyanda ya Makonde ulikuja katika karne ya 20, hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Korosho ghafi ziliuzwa India zikabanguliwe huko. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takribani tani 145,000, sehemu kubwa ikitoka kusini.

Kwa desturi ya zamani Wamakonde, Wamakua na Wayao walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Shamba la chakula lilikuwa karibu na mama, naye ndiye aliyejua ghala lina nini. Mkorosho ulikuja kwa namna nyingine. Ni mti wa miaka mingi, ni wa kuuza, na mara nyingi ulihesabiwa kuwa wa mwanamume aliyeupanda. Wanawake walipalilia na kuokota, lakini pesa ilipokelewa mezani kwa mwanamume.

Kisha pesa hiyo ikaanza kuyumba. Katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa Vijiji vya Ujamaa, wengine wakaachana na mikorosho yao mbali. Ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia maua. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000 kwa baadhi ya misimu. Viwanda 12 vya kubangua vilivyokuwa vimejengwa nchini, vikiwemo vya Masasi na Newala, vikakosa korosho, na vingi vikaishia kufungwa au kugeuzwa maghala.

Dawa ya salfa, bei nzuri na mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza Mtwara mwaka 2007 viliinua zao tena. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000, na msimu ule kusini kila mtu alijenga au alinunua pikipiki. Mwaka uliofuata mambo yakageuka. Wanunuzi waligoma kwa bei, na Novemba 2018 serikali ikatangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Wakulima wakahakikiwa kwanza, ili wafanyabiashara wa kangomba, wale wanaonunua kwa wakulima kwa bei ya chini nje ya mfumo, wasilipwe. Wengi walisubiri malipo kwa miezi. Mbaazi nazo zilikuwa zimeshaanguka bei tangu Agosti 2017, India ilipoweka kikomo cha kuzinunua nje.

Miezi ile ya kusubiri ndiyo tunayotaka bi harusi aifikirie. Karo ya shule haisubiri uhakiki. Mtoto mwenye homa haisubiri. Mfumo wa malipo unafuata jina lililoandikwa kwenye daftari la chama cha msingi, na kama jina ni la mume, pesa ni ya mume, ije au isije. Lakini sinia la mandazi halina daftari. Mama anakaanga alfajiri, anauza mpaka saa nne, anarudi na pesa ya unga wa kesho na ya mboga ya leo. Nyumba nyingi za kwetu zilivuka misimu mibaya kwa pesa hiyo.

Bei ndogo kwa mlaji

Tunapenda vitu rahisi, na hakuna ubaya. Lakini tujue urahisi huo umelipiwa na nani. Chukua korosho ya kubangua inayouzwa kwenye kifuko kidogo. Korosho ghafi kilo nne mpaka tano ndizo zinazotoa kilo moja ya korosho safi. Ganda lake lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Wanawake wa nyumbani huzikaanga kwenye karai kuukuu lililotobolewa matundu. Mafuta yanachuruzika, moto unalipuka, moshi unapanda machoni. Zikishaiva zinamwagwa kwenye mchanga au majivu, kisha zinagongwa moja moja, taratibu, kwa sababu iliyovunjika bei yake ni ndogo. Mwisho unatolewa ule utando wa ndani. Vidole vya mbanguaji vinakuwa vyeusi, na hina haivifichi.

Ming'oko nayo ina gharama. Haijazoeleka kupandwa shambani, huchimbwa porini. Kila msitu unapofyekwa, mchimbaji anatembea mbali zaidi. Na anayekata mizizi yote bila kubakisha kitu anamnyima mwenzake wa mwakani.

Kwa hiyo dada yetu, ukisimama mbele ya sinia usibishane bei na mama mwenye vidole vile kama unavyobishana na duka kubwa. Ile mia mbili unayoipunguza kwako ni chenji, kwake ni nusu ya faida.

Neno moja kuhusu mabibo, kwa kuwa tunaulizwa. Bibo bichi, juisi yake iliyokamuliwa sasa hivi na mabibo yaliyokaushwa juani ni chakula safi. Lakini juisi hiyo ikiachwa huchacha, na kule hutengenezwa pombe. Ukinunua, nunua kwa mtu unayemjua, au kamua mwenyewe na unywe siku hiyo hiyo.

Kwa bi harusi mtarajiwa

Katika dini yetu matumizi ya nyumba ni wajibu wa mume, na mali ya mke ni ya mke: mahari yake, urithi wake na alichokichuma kwa mikono yake. Akimsaidia mume ni hisani na ana ujira wake kwa Mola. Bibi Khadija, radhi za Allah zimfikie, alikuwa mfanyabiashara kabla ya ndoa yake na Mtume, rehema na amani zimshukie. Bibi Zaynab bint Jahsh alifanya kazi za mikono, akitengeneza ngozi na kushona, na alichokipata alikitoa sadaka. Sisi mafundi cherehani tunampenda sana kwa hilo. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kuuza vitafunio ni aibu ya mwanamke aliyekosa matunzo. Ni kazi ya halali yenye historia ndefu, na ni pesa unayoigusa mwenyewe.

Ukitaka kuanza, au ukitaka tu kupunguza gharama ya sahani za harusi yako, jaribu hivi vitatu vya kusini:

Mihogo ya kukaanga. Chagua mihogo mitamu, menya maganda yote mawili, chemsha kwa chumvi bila kufunika na umwage maji. Ikipoa ikate vipande virefu, kaanga mpaka iwe rangi ya dhahabu. Toa pamoja na chatne ya ukwaju na pilipili. Usiruhusu mihogo mibichi iliwe, hasa kama huijui aina yake.

Kashata za korosho. Hapa usinunue korosho nzima. Nunua zilizovunjika, bei ni ndogo na ladha ni ile ile. Yeyusha sukari mpaka iwe ya kahawia, tia iliki, mimina korosho, sambaza kwenye sinia lililopakwa mafuta, na ukate ikiwa bado na joto. Zikifungwa kwenye karatasi nzuri zinafaa kuwa zawadi ya wageni.

Njugu mawe za chumvi. Loweka usiku kucha, chemsha mpaka zilainike, chuja na unyunyize pilipili. Bakuli moja kila meza linatosha. Kama una jamaa Lindi au Mtwara, mwambie akutumie ming'oko kwa basi. Wazee wa kusini watakaoiona kwenye harusi yako watakuombea dua usiyoitegemea.

Ukianza biashara yenyewe, andika hesabu zako kwenye daftari lenye jina lako, tenga mtaji usile, na usikopeshe sinia zima siku ya kwanza. Wazee walisema mchumia juani hulia kivulini. Mama zetu wa Masasi na Newala wamechuma juani miaka mingi, na sisi tulisomeshwa na kufundishwa cherehani kwa pesa ya mandazi na korosho zao.

Tunamuomba Allah azibariki ndoa zenu, azitie baraka riziki zenu ndogo kwa kubwa, na awalipe kheri mama wote wanaoamka kabla ya alfajiri kuwasha jiko. Aamin.